Kwa Somo Kuna Jua

Kituo cha kulelea watoto kilibandika tangazo mlangoni mwezi mzima kabla, na Mama Somo alilipita kila asubuhi kama mtu anayemkwepa jirani mwenye maneno mengi. Kituo kitafungwa siku kumi na mbili kwa sikukuu za mwisho wa mwaka. Siku kumi na mbili! Hao walimu walidhani watoto wa watu wanawekwa kabatini? Lakini tangazo halijali hasira ya mtu. Siku ikafika, mtoto akabaki nyumbani, kashika viatu vyake vya theluji mkononi, anauliza mbona hatuendi.

Mtoto mwenyewe alikuwa wa kike, miaka miwili na miezi minane, mfupi, mwenye amri nyingi. Alipewa jina la bibi yake mzaa baba, kwa hiyo yeye na bibi walikuwa masomo. Bibi alimwita Somo, naye alimwita bibi Somo, na hakuna aliyewahi kuchanganyikiwa. Wazazi nao wakageuka kuwa Mama Somo na Baba Somo, hata majina yao wenyewe yakaota kutu.

Mama Somo alifanya kazi ya usiku katika nyumba ya wazee. Aliwageuza kitandani wasipate vidonda, aliwabadilisha nepi, aliwashika mkono wale wanaoogopa giza. Mama za watu hao, na watoto wao wako mji huohuo. Alifika nyumbani kutoka kazini saa moja na nusu asubuhi. Baba Somo alikuwa dereva wa kupeleka vifurushi majumbani, na kwake msimu wa sikukuu ulikuwa wa kufa na kupona: kila mtu kaagiza kitu, kila mtu anakitaka leo, na ukitaja likizo mbele ya msimamizi anakutazama kana kwamba umemtukania mama. Alitoka nyumbani saa mbili kasoro dakika tano. Dakika zile ishirini na tano za katikati ndizo zilikuwa ndoa yao. Mmoja anavua koti, mwenzake anavaa, mtoto anahama bega.

Siku za kawaida mama alimpeleka mtoto kituoni, kisha akarudi kulala. Sasa alale saa ngapi? Siku ya kwanza alikunywa chai ya rangi vikombe vitano, akashinda macho. Siku ya pili aliunguza uji mpaka kengele ya moshi ikaita jengo zima. Siku ya tatu alisinzia amekaa kitako sakafuni. Alipozinduka, Somo alikuwa amemchora mguu wote kwa kalamu ya wino, kuanzia goti hadi kidole gumba, na sasa alikuwa anaanza wa pili.

"Mama yupo," Baba Somo akasema kesho yake asubuhi, huku anafunga kamba za viatu.

"Mama gani?"

"Mama yangu. Si anashinda uani tu? Tumpigie vidio, simu tuiegemeze kwenye kopo la sukari, akae na somo yake wewe ulale hata kwa saa tatu. Akiona kitu anapiga kelele, unaamka."

Mama Somo akamtazama aone kama anatania. "Fimbo ya mbali haiui nyoka, mume wangu."

"Na nyoka atoke wapi kwa baridi hii?"

Wakacheka wote wawili. Nataka mkumbuke kwamba walicheka, na mkumbuke wazo lilitoka mdomoni mwa nani, maana litakuja kutafuta mwenyewe na mwenyewe hatapatikana.

Bibi alilipokea jambo lile kama mtu aliyepata ajira serikalini. Saa ya zamu yake ilipofika alikuwa ameshaoga, kavaa kanga safi, kaketi kwenye kiti cha plastiki uani, simu imefungwa kwa kitambaa kwenye mgongo wa kiti kingine ili isianguke. "Nimelea saba kwa mikono hii," akatangaza. "Huyu wa nane nitamlea kwa kioo. Wewe mwanangu nenda kalale, macho yamekuwa kama ya bundi."

Na alijua kazi, usimdharau. Alikula uji na mtoto, kijiko kwa kijiko, asipofungua mdomo na yeye hafungui. Alimhesabisha kuku. Somo akipanda kiti, ilitoka sauti, "Wewe! Shuka hapo!" ambayo ingemshusha hata askari. Majirani zake wakawa wanapita kumsalimia mtoto wa majuu, wanainama mbele ya simu na kuonyesha meno. Na kila mara, mtoto akianza kuchoka na kunung'unika, bibi aliigeuza simu imwonyeshe ua: kamba ya nguo, kuku, jua limemwagika kote.

"Ona, Somo. Kwangu nje kuna jua. Njoo nje kwangu tulishe kuku. Vaa viatu vyako uje!"

Mtoto alicheka mpaka akakaa chini. Mama Somo aliyasikia maneno hayo kutoka chumbani, katikati ya usingizi, na yalimpendeza. Ni maneno ya bibi yeyote. Nani angeyatilia shaka?

Tena hakuwa mzembe, wasije watu wakasema. Mtoto alikuwa ameshajua kuzungusha kitasa, kwa hiyo Baba Somo alikuwa amepigilia komeo juu kabisa ya mlango, mahali ambapo hata mama mwenyewe alilifikia kwa kuchuchumia. Komeo hilo lilifungwa kwa ndani tu. Kila asubuhi mume akitoka, mke alilisukuma mpaka likagonga, kisha ndiyo akaenda kulala.

Mpango ule ulikwenda siku tatu, na siku tatu hizo Mama Somo alianza tena kuwa mtu. Alipika. Alimsuka mtoto. Alimwambia mumewe, "Mama yako Mungu amweke," na akamaanisha.

Siku ya nne alilala kama kawaida. Komeo alilisukuma, likagonga, alilisikia kwa masikio yake. Usingizi wa mtu wa zamu ya usiku si usingizi, ni kufa kwa muda, na kilichomfufua siku hiyo ilikuwa simu inaita mezani, inaita, inakatika, inaita tena. Akaketi. Miguuni alihisi ubaridi. Akadhani hita imezimika.

Akatoka sebuleni. Simu ilikuwa inacheza kwenye kopo la sukari, jina la mama mkwe limejaa kiooni. Kiti cha mtoto kitupu. Mlango wazi, komeo limevutwa upande, na mahali pa viatu vya theluji pana maji tu.

Aliinyakua simu bila kuipokea. Aliteremka ngazi orofa tatu miguu mitupu na gauni la kulalia, anaita jina la mtoto, lile jina lenyewe ambalo hakuna aliyelitumia mle ndani.

Mbele ya jengo, kwenye ngazi ya mwisho, aliketi mzee wa orofa ya chini, yule mwenye mbwa. Koti lake lilikuwa limefumbata kitu, na kutoka kwenye koti vilichungulia viatu viwili vidogo, cha kulia mguu wa kushoto na cha kushoto mguu wa kulia. Mzee alikuwa ameshapiga simu ya dharura. Alimkuta nyuma ya jengo, alisema, kwenye theluji, amesimama tu, anaita mtu. Mama Somo akamnyakua mtoto. Somo hakulia. Midomo ilikuwa imebadilika rangi, vidole vimekakamaa, na kimoja cha viganja kilikuwa kimefumba kitu ambacho hata nesi baadaye alikitoa kwa shida. Kilikuwa kipande cha mkate.

Hospitali waliitia mikono yake kwenye maji ya vuguvugu, na hapo ndipo alipolia. Jamani, alilia! Daktari akasema vidole vitapona vyote, vitachubuka tu, mtoto ana bahati. Mama Somo akashukuru, akashukuru tena, akapiga magoti kabisa. Alidhani yamekwisha.

Kisha akaingia ofisa wa ustawi wa watoto. Alikuwa mwanamke mpole, na upole wake ndio uliotisha. Akavuta kiti, akafungua faili.

"Nani alikuwa na mtoto?"

"Bibi yake."

"Bibi yuko wapi sasa?"

Afanye nini? Mama Somo akainua simu, akamwonyesha. Ofisa aliitazama ile simu muda mrefu kidogo, halafu akaandika, na alichoandika kilikuwa kirefu kuliko jibu.

Baba Somo alifika anahema, bado na jaketi la kazi na kile kimashine cha kusomea vifurushi kinamning'inia kiunoni. Akambusu mtoto kichwani. Ofisa akamgeukia.

"Wewe ulijua kwamba mkeo analala na mtoto anaachiwa simu?"

"Hapana," akasema Baba Somo. "Sikujua."

Mama Somo alimtazama. Alimtazama mpaka macho yakamuuma, na mwenzake akawa anakunjakunja glavu zake tu, anazikunja na kuzikunjua. Hakusema kitu mbele ya yule ofisa. Alikuwa bado na ugeni wa jambo lenyewe, kama mtu aliyepigwa kofi na ndugu yake mbele za watu.

Ikaamuliwa mtoto apelekwe kwenye familia ya kumtunza mpaka kikao kikae. Na kikao kitakaa lini? Baada ya sikukuu, maana kuanzia kesho ofisi zinafungwa. Mnasikia hayo? Kuchukua mtoto wana nafasi, kumrudisha wako likizo!

Kwenye gari, kati ya maboksi ya watu, akamuuliza. "Sikujua ndiyo nini?"

"Nisikilize. Wakituona wote wawili tuna makosa, hatumpati tena. Mmoja wetu lazima abaki msafi, mtoto arudi kwa huyo."

Alilisema vizuri, kwa hesabu, kama mtu anayeeleza njia fupi ya kukwepa foleni. Mama Somo akageukia dirishani. Hesabu yenyewe ilikuwa na ukweli, hilo ndilo lililomkera zaidi. Akasema moyoni, haya, mtoto arudi kwanza. Mengine yatasubiri.

Bibi alikuwa bado anapiga. Walipofika nyumbani ikabidi wapokee.

"Bando lilikata, mwanangu!" "Tuko katikati ya kuhesabu kuku, puu, giza. Nimekwenda dukani kwa miguu hii, la kwanza limefungwa, nimekwenda la pili. Napiga hampokei. Mtoto yuko?"

Baba Somo akasimama nyuma ya simu, akagusa kifua chake kwa kidole. Presha. Mwaka uliopita bibi alikuwa ameanguka bafuni, akakaa wiki mbili hospitali, mdomo umekwenda upande.

"Yuko, Mama," akasema Mama Somo. "Na yeye alilala tu."

"Alhamdulillahi. Nilisema nimeua."

Uongo ukishazaliwa unataka kunyonyeshwa kila siku. Kesho yake bibi alipiga, akaambiwa mtoto anaoga. Kesho kutwa, katoka na baba yake. Siku ya nne bibi akakunja uso mpaka kioo kikajaa mikunjo. "Mnanificha nini? Somo yangu anaumwa?"

"Amelala, Mama."

"Basi nionyeshe nimtazame akilala. Sitamwamsha."

Mama Somo alikwenda chumbani. Akachukua mto, akaulaza kwenye kitanda cha mtoto, akaufunika blanketi la maua mpaka juu, akauvalisha upande mmoja kofia ya sufu. Pazia akalivuta. Kisha akaielekeza simu kutoka mlangoni, mbali. Mwanamke mzima, anacheza nyumba na mto!

Bibi akatazama. Akaanza kuimba polepole, kile kibembelezo alichowaimbia wote saba, na baba yake Somo akiwemo. Aliimba beti zote. Mama Somo alisimama pale ameinua simu, bega linawaka moto, machozi yanamshuka hadi shingoni, na hakuweza kuyafuta kwa sababu picha ingetikisika.

"Amenenepa," bibi akanong'ona, ameridhika. "Unajua siku ile bando lilipokata ningekufa. Kilichonipa nguvu, nilijiambia, mwanangu si ametoka hapo sasa hivi. Hakuwa hata amefika mbali."

"Nani alitoka, Mama?"

"Si mumeo. Alirudi kuchukua glavu. Alibisha taratibu, somo yangu akaburuta kiti, akapanda, akafungua lile dude la juu kwa kile kijiti chake cha kuchezea. Nikacheka peke yangu, nikasema mtoto huyu ni fundi. Mwanangu akanisalimia, akaniambia shh, mama yake kalala. Akachukua glavu akatoka."

Mama Somo akaaga, akakata simu, akaketi kitandani karibu na ule mto. Komeo linafungwa kwa ndani tu. Aliyetoka hawezi kulifunga. Anaweza kumwamsha mkewe, neno moja, amka ufunge mlango. Lakini anachelewa, vifurushi vinamngoja, na nyuma yake kabaki mtoto anayejua kuzungusha kitasa.

Alimngoja jikoni jioni ile, hakuwasha taa.

"Ulirudi kuchukua glavu," akasema.

Baba Somo akasimama na mkono mmoja ndani ya koti. "Sikutaka kukuamsha," akasema. "Ulikuwa umechoka."

"Umejua tangu hospitali."

"Nimejua tangu waliponipigia simu."

"Na ukasimama mbele ya yule mwanamke ukasema hujui."

"Nimekwambia. Mmoja lazima awe msafi."

"Na kwa nini msafi ni wewe?"

Baba Somo akalivua koti, akalitundika. Akasema tu kwamba kikao ni baada ya siku tano na akamwomba, kwa ajili ya mtoto, wasibadilishe maneno.

Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Hawa walichuma wawili, akala mmoja. Kikaoni Mama Somo aliketi upande mmoja wa meza ndefu, mumewe akawekwa upande wa pili. Waliulizwa kama kuna la kuongeza. Neno lilikuwa hapa, kwenye koo, tayari kabisa, na mara mbili alivuta pumzi ya kulitoa. Kisha akamfikiria Somo analala kwenye nyumba ambayo hakuna anayejua kwamba usiku anaomba maji kwa kusema "kibuyu". Akameza. Akaweka sahihi kwamba yeye ndiye aliyezembea, kwamba ameacha kazi ya usiku, kwamba mtoto anarudishwa chini ya uangalizi wa baba, na kwamba yeye asiachwe peke yake naye mpaka watakapoona inafaa. Watakapoona wao. Mtoto aliyemzaa mwenyewe kwa kisu!

Somo alirudi Jumamosi asubuhi, mikono imefungwa bandeji nyeupe mpaka kwenye vifundo. Hakumkimbilia mama. Alisimama mlangoni, akatazama komeo jipya, akamtazama baba, ndipo akaja taratibu na kulaza kichwa kwenye paja la mama yake. Mama Somo hakudai zaidi.

Hawajamaliza hata kumvua koti, simu ikaita. Bibi. Sasa angalau hapakuwa na sababu ya kudanganya, Mama Somo akawaza, mtoto si huyu hapa? Akampakata, akamfunika mikono kwa kanga, akapokea. Baba Somo akaja kusimama nyuma yao.

"Somo yangu!" Bibi alipiga kigelegele mpaka kuku wake wakatawanyika. Alikuwa uani, kwenye kiti chake kilekile, jua limempiga usoni. "Umenisahau, eh? Siku ngapi hizi! Njoo, njoo nje kwangu, kuna jua, kuku wanakuuliza!"

Mtoto alimtazama. Hakucheka.

"Nilikuja," akasema.

"Ulikuja?" Bibi akacheka. "Ulikuja lini, mama?"

"Nilivaa viatu. Nilileta mkate wa kuku." Akatoa mikono ndani ya kanga, ile miwili, akaiinua mbele ya kioo ili Somo mwenzake aione. "Nikaita. Hukuwepo."

Kicheko cha bibi kilibaki usoni kidogo baada ya yeye mwenyewe kuondoka. Alisogeza uso karibu na simu mpaka likaonekana jicho moja tu. Alitazama bandeji. Akaitazama kushoto, akaitazama kulia.

"Ni mimi," akasema. "Nilimwita mimi. Kila siku nilimwita, vaa viatu uje."

"Hapana, Mama," akasema Mama Somo. Akageuza kichwa, akamtazama mumewe. Alimwachia nafasi. Sentensi yenyewe ilikuwa fupi: si wewe, Mama, ni mimi niliyetoka nikaacha mlango. Hapakuwa na ofisa hapa, wala faili, wala mtoto wa kurudishwa. Palikuwa na mama yake tu.

Baba Somo aliinama, akaanza kupanga viatu vya mtoto, cha kulia kulia na cha kushoto kushoto.

Bibi alikuwa amejifunika uso kwa kanga. Akainuka kwa kushika mgongo wa kiti, akaondoka kwenye picha, na simu ikabaki imefungwa pale na kitambaa, inaonyesha kiti kitupu, kamba ya nguo, kuku wawili na jua.

Mtoto alitazama kwa muda, akingoja. Kisha akageuza uso kifuani mwa mama yake.

"Zima," akasema.

Mama Somo akazima.